Uma wa Mbele wa Baiskeli Utakaobeba Mizigo: Pima na Useme Kabla ya Kulipa

Mlaji anayetaka kufunga keria mbele ya baiskeli mara nyingi hugundua kikwazo akiwa amekwisha kuilipia keria hiyo: baiskeli yake haina mahali pa kuifungia. Miguu ya uma wa mbele, ambao mafundi wengi huuita foki, ni laini kutoka juu hadi chini. Hakuna tundu la kupokea bolti. Fundi humshauri abadilishe uma. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi kabisa, ila humwingiza mnunuzi katika soko ambamo vipuri vinavyofanana kwa macho havilingani kwa vipimo, na ambamo wengi wetu huuliza swali moja tu, nalo ni la bei.

Keria ya nyuma ikivunjika, mzigo huanguka barabarani. Uma ukivunjika, anayeanguka ni mwendeshaji mwenyewe, tena kwa kutanguliza uso, kwa kuwa gurudumu la mbele, breki ya mbele na usukani humponyoka kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu kuliko tunavyofanya kwa vipuri vingine vya baiskeli.

Je, unauhitaji kweli?

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Rungwe anayepeleka maziwa kwa baiskeli kila alfajiri. Nyuma amefunga madumu mawili ya lita 20. Lita moja ya maziwa huzidi kidogo kilo moja, hivyo madumu hayo yakijaa ana kilo 41 na ushee kabla ya kuhesabu madumu yenyewe. Akipanda mlima, gurudumu la mbele huwa jepesi, usukani huyumba, na penye mwinuko mkali gurudumu hutaka kunyanyuka. Sasa amepata mteja wa lita 10 zaidi. Kwa mtu huyu keria ya mbele ina maana. Dumu la lita 5 kila upande, likiwa chini karibu na ekseli, halifikishi kilo 12 kwa jumla, nalo litautuliza usukani badala ya kuuvuruga.

Lakini kama angetaka kuhamishia mbele yale madumu ya lita 20, tungemsihi aache. Keria nyingi zinazofungwa kwenye miguu ya uma hutengenezwa kubeba kilo 10 hadi 18 tu kwa pande zote mbili. Shirika la Kimataifa la Viwango lina kiwango mahususi cha keria za baiskeli, ISO 11243, na keria iliyotengenezwa kwa kukifuata huwa na maandishi ya uzito wa juu unaoruhusiwa. Tafuta maandishi hayo. Keria isiyo na maandishi si lazima iwe mbovu, ila muuzaji anayekujibu kwamba “inabeba chochote” hajakujibu.

Kwa yule ambaye mzigo wake ni koti la mvua na kifurushi cha chakula, kikapu kinachofungwa kwenye usukani kinatosha, na makala haya anaweza kuyaacha hapa.

Tatizo la shokapu

Baiskeli nyingi za mtindo wa milimani, mpya kwa mitumba, huja na uma wenye shokapu. Huo ndio uma ambao wanunuzi wengi hutaka kuubadilisha, na ni vema kuelewa kwa nini haufai kwa keria ya kawaida.

Uma wa shokapu una sehemu mbili zinazopishana: ya juu iliyoshikamana na fremu, na ya chini inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Keria ikifungwa juu kwenye bega la uma na chini karibu na ekseli, itakuwa imeunganisha sehemu mbili ambazo kazi yake ni kutokaa pamoja. Shimo la kwanza barabarani litaikunja keria au litang'oa bolti zake. Fundi mwerevu ataona hilo na kuifunga keria yote kwenye sehemu ya chini kwa vibano. Hapo keria haitakunjika, lakini sehemu hiyo kwa kawaida hutupwa kwa madini mepesi yenye kuta nyembamba, nayo haikuundwa kubanwa kwa nguvu upande mmoja. Isitoshe, mzigo wote sasa hurushwa juu na chini pamoja na gurudumu, na shokapu iliyopangwa kutuliza gurudumu peke yake hushindwa kutuliza gurudumu pamoja na kilo 12 za maziwa.

Zipo keria zilizobuniwa mahususi kwa ajili ya shokapu, na watengenezaji wake hueleza zinafungwaje na zinabeba kiasi gani. Ukiipata iliyo na maelezo hayo, yafuate. Tunachokikataa ni keria ya kawaida kulazimishwa mahali pasipo pake.

Tunajua shokapu hupendwa kwa sura yake, na kwamba mtu huona kama anaishusha hadhi baiskeli akiirudishia uma mgumu. Hata hivyo, nyingi kati ya zile za bei ya chini zikishaingia maji na vumbi huacha kucheza, zikabaki kuwa uma mgumu wenye uzito usio na faida. Anayeziondoa hapotezi kikubwa.

Uma wa nyuzi za kaboni nao usifungwe keria isipokuwa mtengenezaji ameruhusu kwa maandishi. Kaboni haipindi kwanza ili ikuonye, hupasuka.

Matundu, na yale yasiyosemwa na matundu

Uma unaofaa ni mgumu, usio na shokapu, na kwa kazi ya kila siku tunapendelea wa chuma. Angalia kwanza ncha za miguu, pale ekseli inapokaa: pawe na tundu lenye hesi kila upande. Kisha angalia katikati ya miguu: keria za kubebea mizigo chini huhitaji tundu jingine hapo, nalo pia liwe na hesi. Matundu haya kwa kawaida hupokea bolti ya milimita 5. Chukua bolti ya keria yako uijaribu palepale dukani kwa vidole. Iingie bila kulazimishwa. Ipeleke na keria yenyewe, uilinganishe na matundu yote, kwa kuwa umbali kati ya tundu la juu na la chini haufanani kwa watengenezaji wote.

Sasa jambo ambalo wauzaji wachache hulisema. Kuwapo kwa tundu chini ya uma si uthibitisho kwamba uma huo unaweza kubeba mzigo. Matundu mengi ya namna hiyo yaliwekwa kwa ajili ya madigadi, ambayo uzito wake ni gramu mia kadhaa. Muulize muuzaji, au usome karatasi iliyokuja na uma: mtengenezaji anaruhusu kilo ngapi?

Kama matundu hayapo, usikubali yatobolewe. Tundu linalotobolewa katika mguu wa uma hugeuka kuwa mahali pa kuanzia ufa. Usikubali pia vipande vichomelewe. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa hodari wa mageti na madirisha, lakini moto wake huondoa ugumu ambao aluminiamu ilipewa kiwandani, na hubadilisha tabia ya mirija myembamba ya chuma kandokando ya mahali palipochomelewa. Udhaifu huo hauonekani. Rangi mpya ikishapakwa hapo, hata fundi mwingine hatautambua.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Njia iliyo salama ni kuufungua uma wa zamani kwanza na kwenda nao dukani. Baiskeli italala siku moja bila kazi, nasi tunafahamu kwamba kwa wengine siku hiyo ni kipato. Bado ni nafuu kuliko kununua mara mbili.

Anza na bomba la juu la uma, lile linalopita ndani ya kichwa cha fremu. Unene wake wa nje ukiwa milimita 25.4, ni bomba la inchi 1; ukiwa milimita 28.6, ni la inchi 1 na moja ya nane. Milimita tatu ni tofauti ndogo kwa jicho, na hapo ndipo wengi hukosea. Baadhi ya baiskeli za miaka ya karibuni zina bomba linalopanuka kuelekea chini, na fremu yake haipokei uma wa kawaida bila vikombe maalumu. Angalia pia kama bomba lina hesi kwa nje juu au ni laini, kwani namna ya kulifunga ni tofauti. Hata hesi zenyewe hazifanani: nyingi zina mistari 24 kwa inchi, lakini baadhi ya Raleigh za zamani zilikuwa na 26. Nati ya aina moja ikilazimishwa kwenye aina nyingine hukaza mizunguko miwili mitatu, ikaonekana imeshika, kumbe imekula hesi.

Urefu wa bomba hilo uwe sawa na wa lile la zamani au uzidi. Bomba laini lililo refu hukatwa. Lililo fupi halina dawa. Lenye hesi lataka uangalifu zaidi, kwa sababu likizidi sana urefu na hesi zikawa zimeishia juu, nati haitashuka hadi mahali pake. Na chuma cha usukani kinachozama ndani ya bomba la namna hiyo kina alama ya kikomo: kizame hadi alama hiyo isionekane.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, nacho ni kimo cha uma, kutoka katikati ya ekseli hadi pale bega la uma linapogusa kikombe cha chini cha gololi. Uma wa shokapu wa baiskeli ya inchi 26 aghalabu huwa na kimo cha milimita 440 hadi 480, ilhali uma mgumu wa zamani wa gurudumu hilohilo huwa karibu na milimita 400. Mwenye kuubadilisha bila kupima huishusha pua ya baiskeli kwa sentimita nne, tano, hata zaidi. Kwa kila milimita 20 zinazopungua, pembe ya uma husimama zaidi kwa takriban digrii moja. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, pedali hukaribia ardhi, na mwendeshaji aliyezoea baiskeli yake huikuta imekuwa baiskeli nyingine, kwenye mteremko, ikiwa na mzigo. Zipo foki ngumu zilizotengenezwa kwa kimo cha kuchukua nafasi ya shokapu, omba hizo. Unapopima shokapu ya zamani, kumbuka kwamba ukiikalia baiskeli hushuka kidogo, hivyo uma mgumu ukipungua kimo kwa milimita 20 hivi hakuna tatizo.

Gurudumu: usitegemee inchi. “Ishirini na sita” ni jina la magurudumu ya vipimo kadhaa tofauti, na “ishirini na nane” vivyo hivyo. Soma ubavuni mwa tairi namba zenye kistari, kwa mfano 47-559. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Baiskeli kubwa za kazi za inchi 28 huwa na 635, na zile za mbio huwa na 622, ingawa zote huitwa ishirini na nane. Rimu moja iko juu ya nyingine kwa milimita sita na nusu, na hiyo inatosha raba ya breki kukosa rimu ikakamata tairi. Pima pia upana kati ya ncha za uma na urefu wa ekseli.

Breki zenyewe hazihitaji maneno mengi. Uma mpya uwe na mahali pa kufungia breki ulizo nazo, ziwe za rimu au za diski. Kama hapapo, ama ubadilishe breki pia, ama utafute uma mwingine. Kukaa na breki ya nyuma peke yake huku umeongeza mzigo mbele ni jambo tusiloweza kulishauri.

Uma wa mtumba

Foki nyingi sokoni zimetoka kwenye baiskeli zilizotumika, na baadhi ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi. Sharti uzichunguze. Pitisha ukucha kuzunguka shina la bomba, pale linapoungana na bega. Ufa mwembamba wa duara mahali hapo ni sababu ya kuurudisha uma mezani bila kuuliza bei. Tazama upande wa nyuma wa miguu: rangi iliyojikunja mikunjo midogo huonyesha kwamba uma ulipata kugonga kitu ukarudishwa nyuma kwa nguvu.

Kisha weka gurudumu kwenye uma, utazame kama limekaa katikati ya miguu. Likiegemea upande mmoja, litoe uligeuze, kushoto kuwe kulia, ulirudishe. Likiegemea sasa upande wa pili, kosa ni la gurudumu. Likiegemea upande uleule, uma umepinda, na muuzaji asikuambie kwamba atauning'iniza aunyooshe.

Siku ya kufunga

Kazi ya kufunga si ndefu kwa fundi mwenye vifaa. Mwambie akague gololi na vikombe, kwa sababu koni ya chini ya uma wa zamani haikai sikuzote kwenye uma mpya. Akimaliza, usiondoke kabla ya kufanya majaribio mawili mbele yake. Kamata breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole chako kikigusa kikombe cha juu: ukihisi kugonga, kumelegea. Kisha nyanyua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole: ukikwama au kukwaruza, kumekazwa mno.

Bolti za keria zisitokeze kwa ndani zikakaribia spoki. Zifungwe kwa nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea, na zikaguliwe tena baada ya siku chache za kwanza, hapo ndipo nyingi hulegea. Kamba na mikanda ya mzigo ifungwe isining'inie. Mkanda mmoja ukidakwa na spoki za mbele husimamisha gurudumu ghafla. Pande mbili zilingane uzito. Safari ya kwanza iwe fupi, na isianzie mlimani kushuka.

Maneno unayomwambia muuzaji

Hapa tunaingia katika eneo letu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi anayemweleza muuzaji kazi anayoitaka bidhaa, akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo katika biashara yake. Katika mauzo ya namna hiyo huchukuliwa kwamba bidhaa itaifaa kazi iliyotajwa, hata kama hakuna aliyeliandika jambo hilo. Mnunuzi aliyesema, “Naomba foki ya inchi 26,” hana alichokitaja. Aliyesema, “Naomba foki ya kufungia keria, nibebe kilo 12 mbele, gurudumu langu ni 559,” ametaja kazi.

Kuna mitego miwili. Ukiagiza bidhaa kwa jina lake la kibiashara tu, kinga hiyo inaweza kukuponyoka, kwa sababu itaonekana ulikwisha kujichagulia. Na ukiwa umeichunguza bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo uchunguzi ule ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo usichunguze kwa kupapasa.

Omba risiti, na uombe iandikwe zaidi ya “foki 1”. Maneno “foki ya keria, kilo 12” yanatosha. Muuzaji anayesita kuyaandika huenda anajua sababu. Lile tangazo lililobandikwa ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, halimpi ruhusa ya kusema uongo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na kusema kwamba uma unabeba kilo 30 huku mtengenezaji ameandika 15 ni kupotosha. Fundi akikuuzia uma na kuufunga mwenyewe, mwombe aandike vyote viwili, kipuri na kazi, ili baadaye asiseme kosa ni la duka, na duka lisiseme kosa ni la fundi.

Likitokea la kutokea, rudi kwanza kwa aliyekuuzia, ukiwa na risiti. Msipoelewana, njoo ofisini kwetu. Uma uliopinda au kuvunjika usiutupe, usiunyooshe wala kuuchomelea, na usikubali kuuacha dukani kama sharti la kupewa mwingine kabla haujapigwa picha. Uje nao kama ulivyo, pamoja na keria na bolti zake.